Tanuri Uliloniambia Nisilifungue

Mwaka umetimia sasa, mke wangu, tangu asubuhi ile ulipofunga mlango wa tanuri, ukajifuta mikono kwenye aproni, ukaniambia, "Usifungue." Saa nane mchana ulikuwa umeshatuacha.

Wanao walitaka tangazo hili la kumbukumbu yako liwe fupi: picha yako, tarehe mbili, majina yetu chini, basi. Mkubwa amenipigia simu mara tatu. "Baba, watu hawasomi maneno mengi siku hizi." Nimemwambia aandike lake. Nilikuwa karani wa mahakama miaka thelathini na minne, nikaandika maneno ya watu waliokuwa wakijitetea, wa kweli na wa uongo. Leo naandika yangu. Wewe ulizoea kunisikiliza huku mikono yako ikiendelea na kazi, na wapita njia wakisikia, wasikie.

Sijalia. Nalisema mapema ili lisiwe siri. Siku ya mazishi watu walinishika mabega wakaniambia nijikaze, nami sikuwa na cha kukaza. Dada yako aliwaambia wenzake jikoni kwamba shemeji yake ana moyo wa jiwe. Nilimsikia. Hata kukasirika kulinishinda. Nina ganzi, mke wangu, kama ile ya mguu uliokaliwa vibaya, ila hii imepanda mpaka juu na haijashuka. Nakula nimesimama kando ya sinki. Nalala upande wangu wa kitanda. Asubuhi naamka, naosha chupa.

Mimi, kuosha chupa! Nilipigana nazo tangu ile ya kwanza, ya dawa ya kikohozi ya kitinda mimba wetu, ya kahawia. Uliinua dirishani ukasema ni dhambi kutupa rangi kama ile. Nikacheka. Mwezi uliofuata nikaenda kuoga, shati nimeshavua, nikakuta beseni limejaa chupa zilizolowekwa ili karatasi zibanduke. Baadaye zikaingia stoo, zikaingia chini ya kitanda, zikapanga foleni ukutani mwa korido hata mgeni akawa anapita upande upande. Uliponiona nimenuna ulisema, "Bwana Karani, wewe una mafaili yako, mimi nina chupa zangu. Zangu angalau zinang'aa."

Mtaa mzima ukakuita Mama Chupa. Dada anayehudumu baa ya kona alikuwekea za kijani. Mwenye duka la dawa alikuwekea za kahawia na zile ndogo za buluu, ulizozipenda kupita zote. Bado wanaleta. Wanaacha mifuko getini bila kubisha hodi. Mwanzoni nilidhani hawajapata habari, kumbe wote walikuja mazishini. Siku moja nilimkuta dada wa baa anaweka mfuko wake, nikamuuliza, "Unajua kwamba hayupo?"

"Najua, Mzee," akasema. "Mkono ndio haujajua. Nikishika ya kijani unaiweka pembeni wenyewe."

Nikaupokea mfuko. Nikaosha chupa zote, nikabandua karatasi, nikazipanga kwa rangi. Sikujua nazipangia nani.

Nikifumba macho nakuona kwenye kile kibanda chetu cha uani. Kitambaa puani, maana vumbi la chupa halina urafiki na kifua cha mtu. Unaitia chupa kwenye gunia, unaipiga nyundo, unatwanga vipande katika kinu cha chuma, unachekecha kwa nailoni mpaka unapata unga laini kama sukari ya keki. Unga wa kila chupa ulikuwa na kopo lake, na kila kopo lilikuwa na jina lake kwa mwandiko wako mkubwa: SODA KIJANI, MVINYO KIJANI, DAWA, MANUKATO. Kisha unajaza unga kwenye kalibu, vile vibao vya udongo vyenye vishimo, unachomeka kijiti katika kila kishimo ili moto ukila kijiti pabaki tundu la uzi. Kalibu zinaingia tanurini, unga unayeyuka na kushikana, unakuwa ushanga. Shanga ukizitoa unazisugua kwenye jiwe kwa mchanga na maji hadi zilainike, ndipo unazitunga: mikufu, bangili, hereni.

Masikio yako ndiyo yalikuwa mizani. Hereni mpya ulikuwa unaivaa siku nzima ujue kama ni nzito, na kwa kuwa kila mara ulikuwa na mbili za kujaribu, uliingia kanisani, sokoni na hata kwenye mkutano wa wazazi shuleni na sikio moja la buluu na jingine la kahawia. Nilikuwa naona aibu. Sasa nikimwona mwanamke mwenye hereni zinazofanana, naona kama amekosea kuvaa.

Ulikuwa na sheria mbili tu pale kibandani. Ya kwanza, unga wa chupa moja usikutane na unga wa chupa nyingine ndani ya ushanga mmoja, hata kama rangi ni ile ile. Nilikuuliza kwa nini, ukanieleza kwamba kila kioo kina namna yake ya kupoa. "Vinaingia motoni vinapendana, vikitoka vimeshagombana." Ushanga wa namna hiyo hupasuka. Ya pili, tanuri likishafungwa lisifunguliwe mpaka kesho yake jioni, lipoe lenyewe, maana upepo wa baridi ukiingia mapema kila kitu kinaenda na maji.

Watu wanauliza ulikuwa mwema kiasi gani, na mimi si mtu wa kutia chumvi. Nitasema mambo mawili. Fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara alikuletea chupa ya manukato ya marehemu mama yake, moja tu, ndogo, akakuomba umtengenezee kitu. Walikuwa mabinti wanne katika nyumba ile, na walikuwa hawasemezani kwa sababu ya chupa ile ile. Ulikaa nayo wiki nzima. Ulitoa pea nne za hereni, shanga zote zikiwa na ukubwa mmoja, na hukubakisha hata chembe ya unga. Bado anazivaa zake. Akiinama juu ya cherehani zinacheza.

La pili, hukupenda kumwaibisha mtu. Dada yako alikufumia sweta, mkono mmoja mrefu kuliko mwenzake. Uliivaa miaka tisa, mkono mrefu umeukunja, na kila alipokuja ulimwambia inakutia joto. Nilikuona siku moja unaukunja haraka haraka hodi ilipobishwa. Nilidhani naijua tabia yako hiyo yote. Sikuijua hata nusu.

Nilipostaafu, miaka sita kabla hujaondoka, nilikaa nyumbani kama kabati lililowekwa mahali pabaya. Kila ulipogeuka ulinigonga. Mwisho ukanipa kazi. Ukanikabidhi kalibu moja, ile iliyovunjika pembe, yenye vishimo tisa, ukasema, "Hii ni kazi ya karani. Inataka mtu mtulivu." Nilifurahi mno. Kila tanuri lilipopakiwa, kalibu yangu ilikuwemo. Niliwaambia wastaafu wenzangu kwamba mikufu ya Mama Chupa ina mkono wangu pia, na walipobisha nilikula yamini.

Sasa nifike mahali ambapo kalamu inasita.

Shanga za siku ile zilikuwa za kitinda mimba wetu. Yeye ndiye aliyeifuata kazi yako. Yule mkubwa alikimbilia ualimu na wa katikati uuguzi. Kitinda mimba alikuwa anakaribia kuolewa, na ulimwahidi mkufu wa kijani, wa chupa za soda alizookota yeye mwenyewe tangu akiwa darasa la pili. Kulipokucha ulikuwa mkimya. Nilidhani umelala vibaya. Ulinipa kalibu yangu, kijiko na kopo la SODA KIJANI.

Nilijaza vishimo vitano, vinne vikafika nusu, kopo likaisha. Kopo la akiba lilikuwa rafu ya juu, na mgongo wangu unaujua. Mbele yangu palikuwa na MVINYO KIJANI, wazi. Nilijua sheria, mke wangu. Sikusahau, sikukosea kusoma, miwani nilikuwa nimevaa. Nilijiambia, kijani ni kijani. Nikachukua vijiko vichache kutoka kopo lile nikavijaliza vile vishimo vinne, nikachomeka vijiti vyangu tisa, nikakuletea.

"Umemaliza?" ukauliza.

"Nimemaliza."

Uliniangalia. Halafu ukasema nikasome gazeti langu, na mimi nikaenda barazani, nikasoma mpaka ukurasa wa michezo. Niliporudi moto ulikuwa unawaka. Saa nne ukaziba matundu ya hewa kwa udongo, ukafunga mlango ukauziba pia, ukaniambia nisifungue mpaka kesho jioni. Kisha ukakaa kwenye kigoda, ukasema kifua kinakubana kama mtu amekiegemea.

Jirani yetu dereva alitukimbiza hospitali kwa gari lake. Kichwa chako kilikuwa begani kwangu. Ulisema, "Tanuri."

Nikasema, "Silifungui."

Hayo ndiyo mazungumzo yetu ya mwisho. Miaka arobaini na moja ya ndoa, na tulimalizia hapo.

Kesho yake jioni nyumba ilikuwa imejaa watu, na hakuna aliyelikumbuka tanuri ila mimi. Nilikwenda nikaweka kiganja ukutani. Lilikuwa limepoa. Nikakumbuka vishimo vinne. Nikaona jinsi mlango utakavyofunguliwa, watoto wamesimama, na kazi yako ya mwisho imepasuka kwa mkono wangu. Nikaondoa kiganja. Tangu siku hiyo kila aliyegusia tanuri nilimjibu, "Alisema lisifunguliwe."

"Alisema mpaka kesho jioni, Baba," kitinda mimba alinijibu.

"Alisema lisifunguliwe."

Hata asubuhi ya harusi yake alikuja kibandani na gauni lake jeupe ameliinua lisiguse vumbi. Hakuomba mara mbili. "Baba, mkufu wangu uko humo ndani." Nilisimama mbele ya mlango ule kama askari jela, nikasema maneno yangu yale yale. Aliolewa shingo tupu. Katika kila picha ameweka mkono hapa, chini ya koo, mahali ambapo mkufu ungelala. Nimeziangalia picha hizo mara nyingi na sikuhisi kitu, na hilo ndilo lililonitisha.

Hakunisusa. Kila Jumamosi alikuja kutoka kwake, akavaa aproni yako, tukaosha chupa bila maneno mengi. Lakini kazi yenyewe hakuweza kuifanya. Alikuwa na unga, kalibu na mikono yako mwenyewe, ila tanuri lilikuwa moja na mimi nilikuwa nimelikalia.

Jumamosi iliyopita aliweka chupa chini, akajipangusa. "Baba, wiki ijayo Mama anatimiza mwaka. Nataka tulifungue. Ukikataa sitagombana na wewe. Nitajenga langu kwangu, na wewe utabaki na hili."

Nikaona kwamba nitabaki na tanuri na chupa safi, na yeye hatakuja tena Jumamosi. Ndipo nikasema. Nilimweleza kopo lililokwisha, rafu ya juu, vishimo vinne. "Nimeziharibu," nikamwambia. "Nilikuwa naogopa uone."

Akaenda kuchukua patasi.

Udongo uliouziba mlango ulibanduka kwa vipande, na katika kipande kimoja palikuwa na alama ya kidole gumba chako. Tumekiweka. Ndani kulikuwa na harufu ya majivu ya zamani. Kalibu zilikuwa zimepangwa kama ulivyopanga, na ile yangu ya pembe iliyovunjika ilikuwa mbele kabisa, kulia. Binti yako akaitoa, akaipindua kwenye kiganja changu, akaigonga kidogo kwa nyuma.

Zikatoka shanga tisa. Nikavaa miwani. Nzima! Zote kijani kimoja, hakuna ufa, hakuna hata mstari.

Nilipiga kelele, mke wangu. Mwaka mzima sauti yangu haijapanda, siku hiyo ilipanda. "Unaona? Niliwaambia! Kijani ni kijani! Mama yako na sheria zake!" Nilizitikisa mkononi. Nilikuwa tayari kuitoa kalamu nikate rufaa dhidi yako.

Binti yako hakucheka. "Baba, kaa kwanza."

"Nikae nini? Hesabu, ziko tisa."

"Mama alikuwa anazimwaga."

"Anazimwaga zipi?"

"Zako. Zote. Tangu ulipostaafu. Ukienda barazani na gazeti alikuwa anaimwaga kalibu yako, anajaza upya."

Nikakaa. Nikamuuliza kama nilikuwa naharibu kila siku.

"Si kila siku. Siku nyingine ulijaza vizuri tu. Ila alisema hawezi kujua ni siku ipi, maana wewe ukiulizwa unasema 'nimemaliza'." Akaifuta kalibu kwa aproni. "Nilimwambia, Mama, mwambie tu. Akasema, mwache, anafurahi."

Kisha akainama chini ya meza, akasogeza magunia, akatoa kopo kubwa la rangi za ukutani. Lilikuwa na mwandiko wako: BWANA KARANI. Nikafunua. Limejaa unga wa miaka sita, wa kila chupa iliyowahi kupita mikononi mwangu, umechanganyika, haufai kwa ushanga wowote, na kwa sababu hukuwahi kutupa kioo, hukuutupa. Juu kabisa palikuwa na vijiti tisa.

Vijiti vyangu vya asubuhi ile.

Muuguzi wetu, yule wa katikati, aliwahi kuniambia kwamba kifua chako lazima kilianza kukubana tangu alfajiri. Kwa hiyo nimejua sasa. Ulipanda kigoda, ukashusha kopo la akiba kutoka rafu ile ile ambayo mimi niliionea uvivu, ukasimama na kifua chako hicho, ukajaza vishimo tisa kimoja kimoja, ili mkufu wa mwanao usipasuke na mimi nisijue kwamba nimekosa. Na mimi nilikuwa ukurasa wa michezo.

Inaniuma. Naandika neno hili polepole kwa sababu ni mara ya kwanza kulitumia tangu uondoke. Nimekudanganya kwa neno moja, ukanidanganya miaka sita kwa upole, na sijui nani aombe radhi, ila mimi ndiye niliyebaki na mdomo wa kuombea. Niwie radhi, mke wangu. Binti yetu nimeshamwomba. Alinijibu, "Shingo ipo, Baba, haijaenda popote." Amezisugua shanga siku mbili, akautunga mkufu, na leo ameuvaa. Na mkono wake ameushusha.

Jana aliniletea kalibu ya pembe iliyovunjika, kijiko na kopo moja. Nikajaza. Akaiangalia, akaimwaga mbele yangu.

"Nimechanganya?"

"Hapana. Umejaza kupita kiasi, zitavimba."

Nikajaza tena. Akamwaga tena. Ya tatu akaipokea, akaitia tanurini. Alipofunga mlango alijifuta mikono kwenye aproni yako, akanigeukia: "Usifungue mpaka kesho jioni, Baba. Umesikia yote? Mpaka kesho jioni."

Nikasema nimesikia yote. Halafu nikavuta kiti, nikala nimekaa.

Sijalia bado. Usinihesabie. Lakini ganzi imeanza kuchomachoma, na mguu ukifika hapo mtu anajua bado ni wake.

Wanaokukumbuka leo: mimi mumeo, Bwana Karani; mwanao mkubwa na mkewe, ambao wataona tangazo hili ni refu; binti yako muuguzi; kitinda mimba wako na mumewe; wajukuu zako watatu; dada yako, ambaye nimemwachia sweta ile aikumbatie, ila la mkono mrefu sijamwambia, na akilisoma hapa anisamehe; dereva aliyekukimbiza; fundi cherehani na ndugu zake watatu; mwenye duka la dawa; na dada wa baa, ambaye leo asubuhi ameacha mfuko getini na safari hii amebisha hodi.

Hatutakusahau siku zote za maisha yetu, Mama Chupa. Tanuri tunalifungua leo jioni, kama ulivyosema.